Hujambo, au Una Jambo?

Wasomaji wapenzi, lugha yetu ni tajiri wa salamu, lakini sisi watu wa mjini tumekuwa mabahili wa kuzitoa. Hapa Mombasa mtu aweza kukaa miaka mitatu mlango kwa mlango na jirani yake, asimjue ila kwa viatu anavyoviacha kizingitini. Tukiingia katika lifti ya jumba la maofisi, sote huinua macho na kuzitazama namba zinazobadilika juu ya mlango, kama wanafunzi wanaosoma matokeo ya mtihani. Hapana amwambiaye mwenziwe neno, mpaka lifti ikwame. Hapo ndipo tunapojuana majina, makabila, na hata magonjwa ya moyo.

Na wale wanaosalimu, hebu sikilizeni wanavyosalimu. Juzi nilimsikia kijana mmoja akimwamkia mkwewe, mzee wa ndevu nyeupe, kwa neno moja tu: "Vipi?" Mzee alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Vipi nini?" Kijana hakuwa na la kusema. Akaangalia saa yake, akakumbuka kwamba ana haraka.

Yafaa tukumbuke maana ya salamu tulizorithi. Shikamoo, kama wazee walivyotufundisha, ni kusema kwamba naishika miguu yako. Na marahaba ni kukaribishwa. Sabalkheri na masalkheri ni kumwombea mwenzio heri ya asubuhi na ya jioni. Jirani zetu Wagiriama huulizana jinsi walivyoamka, na jua likishapanda huulizana jinsi walivyoshinda, wala hawaoni haya kuuliza na habari za watoto na za mifugo. Tena liko neno letu la kila siku, hujambo. Tukilichambua tutaona kuwa ni swali: je, huna jambo? Hapana neno lililokupata? Na mwenye kujibu sijambo hushuhudia kwamba hana jambo. Basi mgeni anapoteremka kutoka katika ndege na kutupungia mkono akisema "Jambo!", ni kana kwamba amepiga kelele, "Shauri! Kesi!" Wala hatuwezi kumlaumu, kwa maana sisi wenyewe ndio tuliomfundisha. Bendi ya Them Mushrooms, ambayo ilipiga muziki miaka mingi katika mahoteli ya pwani, ilitoa wimbo wa "Jambo Bwana" mwaka 1982, na wimbo huo ukaizunguka dunia. Ni wimbo mtamu, nami huutikisia kichwa kama watu wengine. Lakini salamu ya kumfurahisha mtalii ni nyingine, na salamu ya kumwuliza mtu hali yake ni nyingine.

Tofauti hiyo niliiona kwa macho yangu Jumamosi moja, nilipofunga safari ya kwenda Malindi kutembea. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni mwendo wa kilomita 120 hivi, na Kilifi iko yapata katikati. Nilipanda matatu asubuhi. Tulikuwa abiria kumi na wanne, na kila mmoja alikuwa peke yake. Wengine walitia vidude vya muziki masikioni. Wengine waliinamia simu zao kama watu wanaotafuta sindano iliyopotea. Tukalivuka daraja la Nyali, tukaipita Mtwapa, tukayapita mashamba ya katani ya Vipingo, na sauti iliyosikika ni ya utingo peke yake, akigonga bati na kudai nauli.

Tulipofika Kilifi tulilivuka daraja kubwa lililofunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo watu walikivuka kile kilindi kwa feri. Gari lilikuwa likipanga foleni, abiria wakishuka kunyoosha miguu, na wakati wa kungoja ulikuwa pia wakati wa mazungumzo. Sasa daraja huvukwa kwa muda wa kupiga chafya mbili. Ni maendeleo, nami nayashukuru. Lakini daraja halikutuamuru tunyamaze. Hilo tumelizua wenyewe.

Katika kituo cha Kilifi gari lilizungukwa na wauzaji wa korosho, mabuyu na madafu. Abiria wawili wakashuka, na mmoja wa waliopanda alikuwa mama mtu mzima, amejifunga leso, na kikapu mkononi. Hakukaa kwanza. Alisimama pale mlangoni, akatutazama sote, akasema kwa sauti, "Hamjambo humu ndani?"

Kimya. Utingo akamhimiza akae. Mama akasema, "Nitakaa, mwanangu, lakini nauliza kama humu mna watu ama mna mizigo." Kisha akarudia, "Hamjambo?" Hapo tukaitika, wachache kwanza, kisha wengi: "Hatujambo, mama." Hata mtoto mchanga aliyekuwa mgongoni mwa mamake alitoa sauti yake. Mama akaketi, akaridhika, akaanza kumwuliza kila mtu atokako na aendako, kama hakimu mwenye huruma.

Haikupita dakika kumi, gari zima likawa baraza. Tukajua kwamba bwana wa kiti cha mbele ni fundi mwashi, aendaye kumalizia nyumba ya watu. Kwamba msichana wa kando ya dirisha ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko hapo Kilifi. Na kwamba mzee wa kofia ya kiua amewahi kuvua papa aliyekuwa mrefu kushinda gari letu. Papa huyo alizidi kurefuka kadiri tulivyoukaribia msitu wa Arabuko-Sokoke.

Nyuma kabisa alikuwako kijana ambaye tulitoka naye Mombasa bila ya kumsikia hata akikohoa. Mama akamgeukia. "Na wewe, mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, mama," akasema. Kisha akanyamaza kidogo, akasema tena, "Lakini nina jambo."

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Nyanya yake alikuwa amelazwa katika hospitali ya serikali hapo Malindi na alihitaji damu, na jamaa walikuwa wameombwa kuleta watu wa kujitolea. Kijana alikuwa mjukuu wa pekee aliye karibu. Hakuwa amepata kufika Malindi maishani mwake, wala hakumjua mtu huko. Alikuwa akienda mtu mmoja, na wahitajiwa walikuwa watu kadha. Shida hiyo alikuwa ameibeba kutoka Mombasa, amezungukwa na watu kumi na watatu wenye damu mishipani, wala hakuwa na njia ya kuisema, kwa sababu hapana aliyemwuliza.

Mama hakuhutubia. Alisema tu, "Mimi umri umenipita, lakini hospitali naijua, nitakuonyesha mlango. Humu garini mna vijana." Fundi mwashi akasema kwamba nyumba ya watu itangoja saa moja. Msichana wa chuo akasema amepata kutoa damu shuleni na hakufa. Mzee wa papa akajitoa pia, akaambiwa kwa adabu kwamba mwisho ni miaka sitini na mitano. Akajibu kwamba mwili wake hauna cheti cha kuzaliwa. Yuko na bwana mmoja mwembamba aliyejitolea kwa moyo wake wote, lakini tulipofika huko mizani ilimkataa, kwa kuwa mtoaji hana budi kuwa na uzito wa kilo 50. Alitoka amenuna kama aliyenyimwa kazi. Mimi nami nilikwenda, maana kilo ninazo.

Muuguzi hakutuuliza kabila wala dini. Alituuliza umri, chakula tulichokula na magonjwa tuliyougua, akatupima, kisha akatoa kwa kila mmoja kadiri ya nusu lita. Halafu tukapewa soda na kuambiwa tupumzike. Jambo zima halikumaliza hata saa moja. Jioni kijana alinipigia simu kunijulisha kwamba nyanya amekwisha kutiwa damu, amefumbua macho, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kwa nini chai haina sukari.

Baada ya hapo nilikwenda kutembea mjini, na pamba imebandikwa mkononi. Malindi ni mji wa kupendeza, lakini mtu wa Mombasa aweza kudhani amevuka bahari. Wataliano wengi wamekaa hapo tangu zamani. Hata setilaiti walirusha kutoka Ngomeni, kaskazini ya mji, kuanzia mwaka 1967, na mwaka 1970 kikarushwa kutoka huko chombo cha kuchunguza nyota kilichopewa jina la Uhuru. Basi vibao vingi vya maduka vimeandikwa Kitaliano. Mama mmoja kutoka bara aliona kibao cha "Farmacia", akaingia kuulizia mbolea, akadhani ni duka la wakulima. Akauziwa dawa ya kikohozi.

Ufukoni nilikaa nikiwatazama vijana wanaouza vinyago na safari za mashua. Ni mabingwa wa lugha hawa, wala siwadharau, kwa maana wengi wao wamejifunza Kitaliano bila ya kuliona darasa. Kila Mzungu akipita, wanamwita, "Ciao!" Neno hilo Wataliano hulitumia kwa kukaribisha na kwa kuaga vilevile, kwa hiyo anayeitwa hana budi kutazama mkono, ajue kama anaitwa au anafukuzwa. Kisha ikapita familia ya watu wa bara, baba na mama na watoto wanne, wamebeba chakula chao na mpira. Vijana wakawatazama kama watu wanavyotazama wingu lisilo na mvua. Hapana "ciao", hapana "hamjambo". Baba yule alisimama kidogo, kana kwamba angependa kuuliza bei ya mashua, kisha akaendelea na njia yake. Ikapotea biashara ya viti sita.

Hapo nikakumbuka kwamba Malindi ina historia ndefu ya kuwasalimu wageni. Mwaka 1415 mji huu ulimpelekea mfalme wa China zawadi ya twiga hai. Fikirini wenyewe kazi ya kumpandisha jahazini na kumwinamisha shingo kila tanga lipitapo! Tena mwezi wa Aprili mwaka 1498, Vasco da Gama alipoona kwamba mambo yake na watu wa Mombasa yameharibika, alikuja Malindi, na mfalme wa hapo akampokea kwa heshima na kumpa rubani wa kumfikisha Bara Hindi. Nguzo yenye msalaba wa Wareno ingali imesimama hapo juu ya mwamba.

Ukarimu ni sifa, wala sina la kuulaumu. Lakini sababu moja ya ukarimu ule ilikuwa kwamba mfalme wa Malindi alikuwa na uhasama na jirani yake wa Mombasa. Jirani alinyimwa salamu, mgeni akapewa. Wareno wakaiteketeza Mombasa mwaka 1505, na wakaishambulia tena mwaka 1528. Kisha mwisho wa shauri ulikuwa nini? Mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu, wapi? Mombasa! Makao yao wakayahamishia huko, na hata mfalme wa Malindi akahama pamoja nao. Malindi ikafifia, mpaka ilipofufuliwa katika karne ya 19 kwa mashamba ya nafaka, yaliyolimwa kwa jasho la watumwa. Mgeni alipopata nyumba kubwa zaidi, hakugeuka nyuma kuangalia nani aliyemkaribisha.

Hata katika siku zetu tumelionja somo hilo. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ndege za abiria kutoka ng'ambo zilisimamishwa tangu mwezi wa Machi hata Agosti. Ufuko ukawa mtupu. Ndipo mahoteli yakaanza kuwabembeleza wenyeji kwa bei nafuu, watu ambao walikuwako siku zote. Na tangu reli mpya ya Nairobi na Mombasa ianze kuchukua abiria mwaka 2017, watu wengi wa bara huja pwani kupumzika na watoto wao. Hao nao ni wageni, na wanafahamu salamu kwa lugha ambayo hatuna haja ya kujifunza.

Wasomaji wapenzi, sisemi tuache kumwambia Mtaliano "ciao". Nasema tu kwamba salamu ina kazi mbili. Ya kwanza ni kumwita mnunuzi, nayo ni halali. Ya pili ni kumfungulia mtu mlango aseme lililomsibu. Kazi hii ya pili haileti faida siku ile ile, na kwa hiyo tunaisahau upesi. Katika gari lile ilitosha neno moja la mama mwenye kikapu. Bila ya neno hilo, yule kijana angalishuka Malindi na shida yake mfukoni, na sisi tungalishuka na damu yetu, kila mtu akaenda zake.

Basi kesho asubuhi, mkipanda matatu au mkiingia katika lifti, jaribuni kuuliza kama watu hawajambo. Wengine watawatazama kama wendawazimu. Rudieni mara ya pili, kama alivyofanya yule mama. Na mkijibiwa "sijambo", msikimbilie kuinamia simu. Ngojeni kidogo. Huenda likafuata neno "lakini".

Hadi juma lijalo, kwaherini.