UWANJA WA JOGOO ROAD HAUUZWI

Ndugu Wafanyakazi,

Wako wasemao kwamba taabu ya uwanja wa Jogoo Road itakwisha siku utakapouzwa. Wako wengine wasemao uachwe vivyo hivyo mikononi mwa wakubwa wa City Hall, maadamu ni mali ya mji. Sisi twayakataa yote mawili.

Kwanza twauliza: uwanja huu ni wa nani? Zamani za ukoloni uliitwa African Stadium, na wazee wetu wa Kaloleni na Makongeni waliufikia kwa miguu. Baadaye ukaitwa City Stadium. Mwaka 2019, alipofariki Joe Kadenge, ukapewa jina lake. Majina yamebadilika, lakini mlipaji ni yule yule: mfanyakazi, kwa kodi yake na kwa shilingi zake za mlangoni. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, yasema ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti imeshikwa kwa amana kwa ajili ya wakaaji wake. Aliyewekewa amana si mwenye mali.

Watuambia, "Viuziwe vilabu." Vilabu gani? AFC Leopards ya 1964 na Gor Mahia ya 1968 ni vyama vya wanachama, na wanachama hao ni sisi. Mifuko yetu twaijua. Fedha za kununua zitatoka kwa tajiri, na atakayelipa ndiye atakayeshika ufunguo.

Tazameni Milan, katika Italia. Uwanja wa San Siro ulifunguliwa 1926, mji ukaununua 1935, na tangu 1947 Milan na Inter wakautumia pamoja: wapinzani wawili, mwenye nyumba mmoja, yaani raia. Septemba 2025 madiwani walipiga kura 24 kwa 20 kuuza uwanja pamoja na ardhi inayouzunguka kwa euro milioni 197. Novemba hati zikatiwa sahihi. Na vilabu hivyo vimo mikononi mwa makampuni ya fedha ya Marekani. Leo mpenda mpira wa Milan akipandishiwa bei ya tikiti, hana tena diwani wa kumshika shati kwa habari ya uwanja ule.

Lakini umma usiotunza mali yake humfungulia mnunuzi mlango. Juni 2024 Harambee Stars walicheza michezo yao ya nyumbani Lilongwe, na Septemba Kampala, kwa kuwa hapa kwetu hapakuwa na uwanja uliokubaliwa. Aibu hiyo haikuletwa na wachezaji, wala na watu wa jukwaani. Ililetwa na walioshika ufunguo wasishike fagio.

Basi twataka mambo matatu. Moja, uwanja ubaki mali ya mji, usiuzwe wala kuwekwa rehani. Pili, vilabu vyetu viwili vipewe mkataba wa miaka mingi, kwa pamoja, kila kimoja na haki sawa, na mkataba huo usomwe hadharani. Tatu, iwepo kamati ambamo wanachama wa vilabu na wakaaji wa mitaa ya jirani wana viti, na hesabu ya mapato ya mlangoni ibandikwe ukutani kila mwezi.

Ndugu, diwani wako atakuja kuomba kura. Kabla hajamaliza salamu, mwulize habari za uwanja.

UMOJA NI NGUVU.