Tovuti ya fundi wa Keko ianze na maneno ya mnunuzi

Kwa miaka mingi soko la fenicha la Keko, wilayani Temeke, limejitangaza lenyewe. Vitanda na makabati hupangwa kando ya barabara, mnunuzi akipita huviona, hushuka, hugonga ubao kwa kidole ili ajue kama ni mninga kweli, huuliza bei, na mapatano huanzia hapo. Fundi hakuhitaji kumlipa mtu wa matangazo. Lakini mnunuzi wa siku hizi, kabla hajapoteza nauli na nusu siku kutoka Mbezi au Kigamboni, huiuliza simu yake kwanza. Huandika maneno machache, mathalani "kitanda sita kwa sita bei", na kuanza na wale ambao simu imewataja.

Hali hiyo imewafanya baadhi ya wenye karakana wafikirie kufungua tovuti zao, na wako sahihi. Kasoro iko kwenye mpangilio wa kazi. Fedha ya kwanza huenda kwenye nembo, ya pili kwenye picha kubwa zinazopishana juu ya ukurasa, na muda mrefu huishia kwenye mabishano ya rangi. Maneno huandikwa mwisho, tena na mtengeneza tovuti ambaye hajawahi kuuza hata stuli. Miezi michache baadaye mwenye mali anauliza mbona haonekani kwenye Google, ndipo anatafutwa mtu mwingine, kwa malipo mengine, "aweke SEO", yaani aifanye tovuti ionekane kwenye mitambo ya kutafuta. Hayo ni sawa na kumaliza kujenga duka kisha kuanza kuuliza barabara inapita wapi. Kwa mtaji wa karakana ndogo, malipo hayo ya pili yangetosha kununua mbao.

Ili kuona kwa nini maneno yatangulie, yafaa kujua mtambo wenyewe unavyofanya kazi. Google, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, hutuma programu inayotembea kutoka ukurasa hadi ukurasa kwa kufuata viungo. Programu hiyo husoma kilichoandikwa na kukiweka katika faharasa kubwa mno. Mnunuzi anapoandika swali, mtambo hauzunguki dunia nzima wakati huo, bali hupekua faharasa ambayo tayari unayo. Baada ya hapo huamua nani akae juu kwa kupima mambo mengi, likiwemo lile ambalo waanzilishi hao walianza nalo: kurasa ngapi nyingine, na za uzito gani, zimeutaja ukurasa huo. Hivyo basi, ukurasa ambao haukusomwa haumo, na jambo ambalo halikuandikwa ni vigumu kulinganishwa na swali la mtu.

Hapa ndipo tovuti nyingi za wafanyabiashara wadogo zinapokwama. Mtu akizifungua hukutana na sentensi kama "Karibu katika ulimwengu wa samani za kisasa zenye ubora wa hali ya juu". Ni Kiswahili safi na hakina kosa, isipokuwa hakuna mnunuzi anayeandika hivyo kwenye simu. Neno samani ni la vitabuni, la mabango ya maonyesho na la nyaraka za zabuni. Mtu aliyehamia nyumba mpya hutafuta fenicha, na mara nyingi hata neno fenicha halitumii, kwa kuwa yeye hataki fenicha kwa jumla. Anataka kitanda, tena cha tano kwa sita au sita kwa sita, tena cha mninga au cha mkongo. Anataka kochi, ambalo mwenzake wa mtaa wa pili huliita sofa. Anataka kabati la nguo la milango mitatu, shokesi ya vyombo, stendi ya TV. Vipimo navyo vina namna zake, kwani mmoja ataandika 6x6, mwingine 6 kwa 6, wa tatu ataandika kwa maneno matupu. Wapo pia wanaotafuta kwa Kiingereza, hasa wa maofisini, na ukurasa unaweza kuwataja bila kugeuka mchanganyiko usiosomeka.

Ni kweli kwamba mitambo ya siku hizi imejifunza visawe na huweza kuotea kwamba kochi na sofa ni kitu kimoja. Lakini si busara mtu aache biashara yake iotewe ilhali kuandika neno lenyewe hakumgharimu chochote.

Orodha ya maneno hayo haihitaji mtaalamu. Ipo tayari mdomoni mwa kijana anayepokea simu pale karakana. Akipewa daftari kwa wiki mbili, akaandika kila swali kama lilivyoulizwa, iwe kwa simu, kwa WhatsApp au na aliyesimama mlangoni, bila kulisahihisha wala kulifanya la heshima zaidi, mwenye mali atakuwa na ramani ya tovuti nzima. Jambo jingine la bure ni kuandika "kitanda cha" kwenye Google na kutazama mtambo unavyojaribu kumalizia sentensi. Mapendekezo hayo hutokana na mambo ambayo watu wengine wamekuwa wakiyatafuta.

Maneno yakishakusanywa, kurasa hujipanga zenyewe. Vitanda vipate ukurasa wao, makabati wao, makochi wao, milango na fremu wao, kisha mmoja wa namna ya kufika na mmoja wa karakana yenyewe na kazi ilizowahi kufanya. Sita zinatosha kabisa kwa kuanzia. Kila ukurasa uwe na kichwa kinachosema kilichomo, kwa mfano "Vitanda vya mninga vya sita kwa sita, Keko, Dar es Salaam", na anwani yake iwe na maneno badala ya msururu wa tarakimu. Tovuti ya ukurasa mmoja mrefu wenye picha sitini zisizo na maelezo huweza kumpendeza mwenye mali, lakini mtambo hauambiwi chochote cha kuutofautisha na wengine.

Suala la picha linahitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu mazoea ya Instagram yamehamia kwenye tovuti. Mfanyabiashara huchukua picha ya kitanda, akaandika juu ya picha hiyohiyo bei, vipimo na namba ya simu, kisha akaipandisha. Kwa macho ya binadamu kila kitu kipo. Kwa programu inayosoma kurasa, maandishi yaliyomo ndani ya picha si jambo la kutegemea. Bei na vipimo viandikwe chini ya picha kama maandishi ya kawaida, na kila picha iwekewe maelezo yake mafupi. Aidha, picha ikitoka kwenye simu ikapandishwa bila kupunguzwa hula bando la mnunuzi na kumchelewesha, naye hana sababu ya kusubiri wakati majibu mengine tisa yako chini yake. Google ilitangaza mwaka 2016 kwamba itaanza kuzipima tovuti kwa kutazama sura yake ya kwenye simu, na mwaka 2023 ikasema imekamilisha mabadiliko hayo. Kwa hiyo mwenye karakana anayeonyeshwa kazi kwenye kompyuta kubwa ya ofisini kwa mtengenezaji, akaifurahia na kulipa, amekagua kisichopimwa. Aifungue kwanza kwenye simu ya bei nafuu, tena akiwa nje ya Wi-Fi ya ofisi hiyo.

Lenye ubishi zaidi ni bei. Desturi ya wauzaji wengi wa mtandaoni ni kuandika "njoo inbox", nayo haikuzuka bila sababu. Mshindani wa jirani hataonyeshwa bei, mbao hupanda, na Keko ni soko la mapatano ambako bei ya mwisho hutegemea mnunuzi amevaaje na amekuja saa ngapi. Sababu zote hizo zina uzito. Hata hivyo, mtu aliyeandika neno "bei" kwenye simu yake amekwisha kusema anachotaka, na ukurasa usio na bei haumjibu. Njia ya katikati ipo na haiui mapatano: iandikwe bei ya kuanzia, mwezi ilipoandikwa, na kilichomo ndani yake. Je, ni pamoja na usafiri? Ni pamoja na godoro? Ni mbao tupu au imeshapigwa vanishi? Mnunuzi ataendelea kuomba apunguziwe kama alivyoomba siku zote, ila atakuwa anaomba akiwa amefika. Anayehofia mshindani kuiona bei akumbuke kwamba mshindani huyo yuko hatua ishirini tu kutoka mlangoni pake na anaijua tangu zamani.

Ramani nayo isisahauliwe. Google hutoa bure ukurasa mdogo wa biashara unaotokea pamoja na ramani, ule ulioitwa Google My Business hadi ulipobadilishwa jina mwaka 2021. Kwa karakana ambayo wateja huijia kwa miguu, ukurasa huo huenda ukaleta watu wengi kuliko tovuti yenyewe katika miezi ya mwanzo. Kinachohitajika ni alama ya ramani iliyowekwa mahali hasa, saa za kufungua, picha za kweli, na jina na namba zilezile zilizoko kwenye tovuti. Namba hiyo iwe laini ya biashara. Zikitangazwa namba za mfanyakazi kisha akahama, amehama na wateja.

Jambo hilohilo la umiliki ni zito zaidi kwa jina la tovuti. Jina linaloishia na .co.tz hulipiwa ada kila mwaka, na wafanyabiashara wengi huona rahisi kumwachia mtengenezaji alisajili kwa jina lake na barua pepe yake. Siku wakikosana, au kijana akipata ajira kwingine na ada ikapitiliza, tovuti hupotea pamoja na nafasi yote iliyokwisha kujijengea kwenye mitambo ya kutafuta. Mwenye karakana asajiliwe yeye mwenyewe kama mmiliki, na nywila ziwe mkononi mwake kabla hajamalizia malipo.

Kuhusu wale wanaopita wakiahidi kumfikisha mtu nafasi ya kwanza, Google yenyewe inasema katika maelekezo yake kwamba hakuna anayeweza kutoa dhamana hiyo. Wengine huuza uwekaji wa maneno ya siri ndani ya ukurasa, yale yasiyoonekana kwa msomaji, wakati Google ilishatangaza mwaka 2009 kwamba haiyatumii kabisa katika kupanga majibu. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Ujanja mwingine huleta hasara kubwa zaidi. Mwaka 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kwenye majibu ya Google kwa muda kwa kuonyesha mtambo ukurasa mmoja na msomaji ukurasa mwingine, na mwaka 2011 duka kubwa la Marekani la J.C. Penney lilishushwa baada ya kubainika kwamba viungo vingi vilivyolitaja vilikuwa vya kununuliwa. Kampuni za ukubwa huo zina mawakili na zilirudi. Karakana yenye mafundi wanne ikishushwa haitajua hata ianzie kulalamika wapi.

Wapo watakaosema tovuti yenyewe ya nini, wakati Instagram na WhatsApp zinauza. Kwa anayeuza maandazi au vocha mtaani, hoja hiyo imesimama. Kwa kitu kinachomgharimu mnunuzi mishahara ya miezi kadhaa, mtu hutafuta, hulinganisha na kurudi tena, na picha ya jana huko Instagram imeshafukiwa na za leo. Tangu mwaka 2024 Google pia imekuwa ikiweka juu ya majibu yake muhtasari unaoandikwa na akili bandia, na baadhi ya watu huridhika nao bila kufungua ukurasa wowote. Hilo litawapunguzia wageni wenye tovuti, lakini muhtasari nao hujengwa kwa kilichoandikwa mahali fulani, na vipimo, bei ya kuanzia na aina ya mbao ni rahisi kuchukuliwa kuliko "ubora wa hali ya juu".

Matokeo hayaji kwa wiki. Miezi mitatu hadi sita ni muda wa kawaida wa kuvuta subira, na ndani yake mwenye mali afungue Search Console, huduma ya bure ya Google inayoonyesha ni maneno gani watu waliandika ndipo tovuti ikatokea. Orodha hiyo ni daftari la yule kijana wa simu, safari hii likijazwa na wateja ambao hawakupiga. Ikionyesha kwamba watu wanauliza vitanda vya dabo deka, na karakana huvitengenezea shule za bweni kila Desemba lakini haina hata mstari mmoja juu yake, ukurasa wa saba umeshajulikana.