DEREVA NAYE AWE NA WAKILI WAKE

Katika mji wa Dar es Salaam si ajabu kuona kampuni ya malori na wakili wake wakizeeka pamoja. Wakili huyo ndiye aliyeandika mkataba wa kununulia lori la kwanza. Leo malori yamejaa uwanja, naye bado ndiye anayeitwa kila litokeapo jambo. Shirika la bima likikataa kulipa, shehena ikipotea njiani, au forodha ikizuia mzigo mpakani, tajiri hana haja ya kueleza mengi, kwa kuwa wakili anaijua habari yote tangu mwanzo. Mawakili wenzake waliofanya naye kazi miaka mingi wanaijua vile vile. Wanazijua desturi za bandari, mizani ya Vigwaza na ya Makambako, na foleni ya Tunduma.

Sisi hatuna ugomvi na urafiki huo. Kila mtu ana haki ya kuwa na wakili, na wakili mwaminifu hamtupi mteja wake wala hatangazi siri zake. Neno letu ni moja tu: katika kazi hiyo hiyo wamo watu wengi ambao hawajapata kuwa na wakili hata siku moja, nao ndio wanaoshika usukani.

Tutazame hali ya dereva. Kutoka Dar es Salaam mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na pengine hapo safari ndiyo kwanza imeanza, maana mzigo unakwenda Lusaka, au unapita Kasumbalesa kwenda Lubumbashi. Mtu huyu amekabidhiwa mali ya thamani kubwa, analala ndani ya gari, na anateremka Kitonga usiku huku roho i mkononi. Walakini wako wengi wasio na karatasi hata moja ya ajira. Wapo wanaolipwa kwa safari, na wapo wale waitwao deiwaka, ambao leo wana gari na kesho hawana. Lori likipinduka, au mafuta yakipungua katika tangi, maneno huanza. Upande mmoja anakaa tajiri pamoja na wakili wake wa miaka ishirini, wenye faili lililojaa barua. Upande wa pili anakaa mtu mwenye leseni mfukoni.

Wako wasemao kwamba mnyonge hana haki. Methali hiyo yaweza kuwa kweli katika nchi ya mabwana na watwana, lakini haipatani na sheria zetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi anapoanza kazi. Kama mfanyakazi hayaelewi maandishi hayo, mwajiri ni lazima ahakikishe ameelezwa kwa namna atakayoielewa. Tena sheria hiyo inasema kwamba mwajiri akifika mbele ya sheria bila mkataba wa maandishi wala maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Maana yake ni kwamba kukosa karatasi, jambo ambalo dereva hudhani ndilo linalomfunga mikono, sheria inalihesabu kuwa kosa la tajiri.

Basi kama sheria ipo, mbona dereva bado anashindwa? Mara nyingi anashindwa kwa sababu ya siku. Kanuni za mwaka 2007 zinataka mgogoro wa kuachishwa kazi upelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Mtu aliyeachishwa kazi kwa simu naye yuko foleni Kasumbalesa anahesabiwa siku hizo hizo. Atarudisha gari, atamsubiri tajiri aliyesema "njoo kesho," atakwenda kwa wazee wamwombee, na siku zitakuwa zimepita. Tume yaweza kumpokea aliyechelewa, lakini kwa sababu ya maana, na hiyo nayo yataka mtu ajuaye kuieleza. Wakati huo wakili wa kampuni alikwisha kupigiwa simu siku ya kwanza.

Hii ndiyo tofauti kati ya mteja wa miaka mingi na mteja wa siku ya msiba. Aliye na wakili wa kudumu huuliza kabla ya kutia sahihi. Asiye naye huuliza baada ya kufukuzwa, na kwa nauli ya kukopa.

Chama chetu kinalijua jambo hili katika historia yake. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipomshitaki Mwalimu Nyerere kwa maneno yaliyoandikwa katika Sauti ya TANU, alisimama na D. N. Pritt aliyetoka Uingereza, pamoja na Rattansey na Jhaveri, mawakili wa hapa hapa nchini. Mwalimu alitozwa faini ya shilingi 3,000, lakini hakusimama peke yake, na nchi nzima iliona kwamba hata mtawala anaweza kuulizwa maswali mbele ya hakimu. Chama kilichofaidi msaada huo hakiwezi kuridhika kuona mfanyakazi akisimama peke yake mbele ya tajiri.

Mwezi Aprili na Mei mwaka 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma, na mikataba ya kazi ilikuwa moja ya malalamiko yao makubwa. Mgomo ulisikika nchi nzima. Lakini mgomo ni kelele ya siku moja au mbili, na faili la wakili ni la miaka. Anayetaka haki ya kudumu yampasa awe na mlinzi wa kudumu.

Mlinzi huyo dereva mmoja hawezi kumlipa; madereva elfu wanaweza. Sheria inaruhusu wafanyakazi 20 kuanzisha chama cha wafanyakazi, na inaruhusu kiongozi wa chama kumsemea mwanachama mbele ya Tume, kama wakili afanyavyo. Viongozi wa vyama vya madereva wasiishie kukusanya ada na kugawa fulana za Mei Mosi. Ada hiyo iajiri mwanasheria wa kudumu, mwenye ofisi ambayo dereva anaweza kuipigia simu akiwa Tunduma, na kabati ambamo nakala ya kila mkataba imewekwa. Mwanasheria huyo akikaa miaka kumi, naye atazijua desturi za kila kampuni, wala hatababaishwa.

Kwa mawakili wa matajiri tunalo ombi. Ninyi ndio mnaoandika mikataba. Iandikeni kwa Kiswahili, na mwambieni mteja wenu ukweli kwamba mkataba uliotiwa sahihi juu ya boneti, gari likiwa tayari linanguruma, unaweza kumtia hasarani yeye mwenyewe. Wakili anayempendeza tajiri kwa kumnyima dereva karatasi hamfai hata huyo tajiri.

Nanyi ndugu madereva, msingoje ajali. Dai maelezo ya kazi yako kabla ya kuwasha gari, weka nakala nyumbani, andika tarehe ya kila safari, na ukiachishwa kazi anza kuhesabu siku hiyo hiyo. Ingieni katika chama chenu, na mwaulize viongozi wenu katika mkutano wa kwanza: wakili wetu ni nani, na ofisi yake iko wapi?