Mbio za Msiba na Wafiwa Wasioalikwa

Mobeni, kusini mwa jiji la Durban, ni mahali pa viwanda na maghala. Jina lake ni la Kizulu na latokana na umoba, yaani muwa. Juu kilimani, Mobeni Heights, pana makaburi. Kila mwaka maelfu ya watu hukimbia kati ya Durban na Pietermaritzburg, mwendo wa takriban kilomita 90, katika mbio ziitwazo Comrades Marathon. Njia yao haipiti Mobeni, huelekea bara. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Hata hivyo, anayezitazama mbio hizo akiwa amesimama Mobeni huona jambo ambalo aliyesimama kwenye utepe wa ushindi halioni.

Wasifiaji wa mbio ndefu, pamoja na walimu wa fasihi wanaomfundisha Homer, hupenda kusema kwamba michezo ya namna hii ni urithi wa Wagiriki wa kale: mwili uliofunzwa, haki uwanjani, heshima kwa wafu. Madai hayo yana ukweli mwingi kuliko wanavyodhani, na hapo ndipo penye tatizo.

Na tuanze na Homer mwenyewe. Katika kitabu cha 23 cha Iliad, Achilles anamzika rafiki yake Patroclus, kisha anaandaa mashindano ya kumuenzi: magari ya farasi, ngumi, mieleka, mbio za miguu na mengineyo. Walimu husimulia kwa furaha jinsi Ajax mwana wa Oileus anavyoteleza kwenye samadi na Odysseus akashinda mbio. Ni wachache wanaotua kwenye orodha ya zawadi. Mshindi wa magari anapewa mwanamke hodari wa kazi za mikono, pamoja na chungu cha miguu mitatu. Katika mieleka, chungu cha mshindi kinathaminiwa kuwa sawa na ng'ombe 12. Anayeshindwa atapewa mwanamke anayethaminiwa kuwa sawa na ng'ombe 4. Kabla ya hapo, vijana 12 wa Troy wamechinjwa na kuchomwa pamoja na maiti ya Patroclus. Nao walikuwa na mama zao, lakini hakuna aliyewaandalia mashindano.

Olympia haikuivunja kanuni hiyo. Iliipa utaratibu tu. Mtumwa hakuruhusiwa kushindana. Mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa hata kutazama. Herodotus anasimulia kwamba Alexander wa Kwanza wa Makedonia alipokwenda kukimbia, wapinzani wake walitaka azuiwe kwa hoja kwamba mashindano ni ya Wagiriki, si ya washenzi. Ilimbidi athibitishe kwamba nasaba yake ni ya Argos ndipo aruhusiwe. Kabla ya kupima mbio za mtu, uwanja ulipima ukoo wake.

Comrades Marathon ilizaliwa tarehe 24 Mei 1921, ikiwa na wakimbiaji 34. Mwanzilishi wake, Vic Clapham, alikuwa askari aliyetembea masafa marefu katika Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakilifukuza jeshi la von Lettow-Vorbeck. Alitaka mbio ziwe kumbukumbu ya wenzake waliokufa, na ziige taabu ya mwendo ule. Hii ni michezo ya msiba kwa maana kamili ya Homer. Mwaka 1923 Frances Hayward alikataliwa kujiandikisha kwa kuwa ni mwanamke. Akakimbia bila namba na akamaliza. Mwaka 1935 Robert Mtshali, Mwafrika mweusi, naye akamaliza pasipo kutambuliwa rasmi. Milango haikufunguliwa rasmi kwa watu weusi na wanawake hadi 1975.

Watetezi watasema kwamba hayo yamekwisha: leo kila mtu hukimbia, na mwaka 1989 Sam Tshabalala akawa mshindi wa kwanza mweusi. Ni kweli, na ni jambo la kushukuru. Lakini kumfungulia mkimbiaji mlango ni jambo moja, na kuifungua orodha ya wafu ni jambo jingine. Katika mwendo ule wa Afrika Mashariki, nani alibeba unga, risasi na majeruhi? Hesabu za Waingereza wenyewe zataja wapagazi zaidi ya 90,000 waliokufa katika utumishi wao, wengi kwa maradhi na njaa. Idadi hiyo yapita mbali ile ya askari. Lugha yetu iliwakumbuka kwa njia yake: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni majina yaliyotokana na kikosi chao. Jina la Comrades lamaanisha wenzi. Je, aliyebeba mzigo wa mwenzi si mwenzi?

Swali hilo ni la Durban vilevile. Kuanzia 1873, mamia ya watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua, waliletwa Durban kutoka Zanzibar na kutiwa katika kazi za mkataba. Wakaitwa Wazanzibari. Walikaa King's Rest, kwenye rasi ya Bluff, hadi sheria za ubaguzi zilipowahamishia Chatsworth, jirani ya Mobeni Heights, na serikali ikawaandika kuwa Waasia wa aina nyingine. Alexander alithibitisha nasaba ili apate kukimbia. Hawa waliandikiwa nasaba ili wajue pa kulala.

Itasemwa kwamba huku ni kuwahukumu wa kale kwa mizani ya leo. La. Mtshali hakungoja mizani ya leo. Mwaka 1935 alijua kwamba anastahili, na miguu yake ikasema hivyo. Wala hakuna anayetaka Homer afungiwe kabatini. Kinachotakiwa ni asomwe mzima, pamoja na yule mwanamke wa ng'ombe 4, kwa kuwa Homer hakumficha. Wanaomficha ni wafasiri wa maadili ya michezo.

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Katika mbio hizi mambo yalipinduliwa: wa mbali waliangua kilio, na mfiwa akazuiwa mlangoni. Waandaaji wana kila asubuhi ya mashindano nafasi ya kulirekebisha hilo, kabla ya mlio wa kuanzia, kwa kuwataja wapagazi kwa sauti miongoni mwa wanaoombolezwa. Nao walimu wa fasihi wana nafasi hiyo kila wanapokifungua kitabu cha 23.