BESIDEI YA KIJANA NI TOGWA, SIYO GONGO



Siku hizi huku kwetu Handeni, na kwa wenzetu wa Korogwe, kijana akitimiza miaka 15 au 16 anafanyiwa besidei. Hatupingi. Kuku achinjwe, muziki upigwe, vijana wacheze. Tunalopinga ni lile dumu linalofichwa nyuma ya nyumba.

Wapo wanaosema, "Ah, kishakuwa mkubwa huyo, mwonjesheni kidogo." Mkubwa wapi? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na inakataza kumuuzia pombe. Na gongo ikipikwa vibaya hupofusha, hata kuua. Serikali ilipiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017. Kuna faida gani, ikiwa mzazi mwenyewe ndiye anayemimina kikombeni?

Tunashauri hivi:

1. Mwenye shughuli atangaze mapema: kinywaji ni togwa na maji ya machungwa.

2. Shughuli ianze mchana, iishe kabla ya magharibi.

3. Mzee mwenye kiu yake avumilie siku hiyo moja, wala asimtume kijana kumchukulia pombe.

Samaki mkunje angali mbichi. Haya wazazi, dumu libaki kwa mwenyewe!