Bajaji ya Ndugu Yako ni Miguu Yake

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo linaloanzia hapa Kariakoo, lakini mara nyingi huishia kijijini kwenu, siku ya kikao cha ukoo.

Ukifika asubuhi karibu na soko kuu, lile lililofunguliwa mwaka 1975, utaona bajaji zimejipanga zikingoja abiria na mizigo. Watazame vizuri wanaoendesha. Wengine wamepooza miguu, na magongo yao yamelazwa kando ya kiti. Huenda ukajiuliza: anafungaje breki? Maana katika bajaji, mwendo, klachi na gia ni kazi ya mikono, lakini breki hukanyagwa kwa mguu. Basi fundi wa kuchomelea huunga chuma kwenye kikanyagio, akakipandisha mpaka mkononi mwa dereva. Ni chuma kidogo tu, lakini ndicho kilichomtoa mtu ndani akawa mlezi wa nyumba yake.

Wenyewe wanajua thamani yake. Mwezi wa Juni 2017 madereva wenye ulemavu walikusanyika barabara ya Sokoine wakidai ruhusa ya kuingiza bajaji zao katikati ya jiji, na polisi wakawatawanya kwa nguvu. Mtu hapigani hivyo kwa ajili ya anasa.

Lakini bajaji nyingine haichukuliwi na polisi. Huchukuliwa na ndugu. Tuseme simu imetoka nyumbani: kuna msiba, au kuna ada ya shule. “Uza bajaji, Mungu akipenda utapata nyingine.” Au mdogo wake anakuja na maneno matamu: “Kaka, wewe pumzika, niendeshe mimi, jioni nitakuletea hesabu.” Siku ya pili anakiondoa kile chuma, maana kinamzuia miguu. Mwezi wa kwanza hesabu inakuja kamili. Mwezi wa pili inakuja nusu. Kisha injini inakufa. Mdogo mtu huenda kutafuta kazi nyingine, naye kaka hubaki kitandani, hata hospitali hawezi kwenda bila kubebwa.

Utasema, “Sisi tuliuza ng’ombe ili aipate.” Naam, huenda ni kweli, na yampasa kushukuru na kusaidia nyumbani kadiri ya pato lake. Lakini fikiri: mwenye miguu akiuza jembe lake, kesho ataazima la jirani. Huyu akiuza bajaji, ataazima miguu ya nani?

Tena kuna jambo la deni. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Haina riba, lakini ni deni. Ikiwa bajaji ilipatikana kwa mkopo huo nanyi mkaiuza, deni halimfuati mnunuzi. Linabaki na ndugu yenu.

Basi yafaa mfanye nini?

Kwanza, kadi ya bajaji iwe na jina lake mwenyewe, na mapatano yote yaandikwe mbele ya mashahidi. Akifa mzazi, asije mtu akasema ni urithi.

Pili, asiyekuwa na ulemavu akiiendesha siku moja ndugu anapougua, asiondoe chuma cha breki. Airudishe kama alivyoikuta.

Tatu, mkichanga kwa ajili ya harusi na misiba, changeni pia kwa ajili ya tairi na bima. Bajaji iliyolala juma zima kwa kukosa tairi ni mtu aliyelala juma zima.

Nne, akija nyumbani, mtayarishieni njia. Fukieni mashimo, chimbeni mfereji wa maji ya mvua, jengeni kibanda kidogo cha kuizuia jua.

Na kama ndugu yenu yuko hapo hapo kijijini na baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono, maneno ni yale yale. Mnyororo na tyubu zake fundi wa baiskeli wa kawaida aweza kuzishughulikia. Watoto wasiichezee, wala isifanywe gari la kubebea maji na kuni yeye akiwa amekaa anangoja.

Jumapili hii, baada ya chakula, mwulizeni yeye mwenyewe: “Chombo chako kina shida gani?” Kisha nyamazeni, mumsikilize mpaka amalize.