ELIMU YA NYUMBANI: Anwani Iandikwe kama Ilivyo

Siku hizi habari nyingi za maana hufika kwa barua pepe: majibu ya chuo, ya mkopo wa masomo, ya kazi. Tuseme kijana wa Lyamkena ameomba kazi, naye angojea jibu. Majuma yapita, jibu halionekani. Nyumbani waanza kunong'ona kwamba hana bahati. Kumbe huenda kosa ni la anwani tu.

Anwani ya barua pepe ina pande mbili, na katikati alama @, ambayo Mmarekani Ray Tomlinson aliichagua mwaka 1971. Upande wa kulia ni kama posta ya Makambako. Upande wa kushoto ni kama namba ya sanduku. Ukikosea posta, barua haifiki. Ukikosea sanduku, yaweza kusomwa na mtu mwingine.

Kanuni zilizotolewa mwaka 2008 zasema hivi: upande wa posta, herufi kubwa na ndogo ni mamoja. Upande wa sanduku, mwenye posta peke yake ndiye aamuaye kama A na a ni mamoja. Hata nukta ni vivyo hivyo: Gmail haihesabu nukta katika jina, bali posta nyingine huihesabu.

Tena barua nyingi hupita kwanza katika chujio, mfano wa chekeche la unga, ili barua za matapeli zizuiwe. Chujio moja, liitwalo Amavis, laweza kutunza daftari la anwani. Daftari hilo likiwa la maneno, kompyuta hutaka kila alama iwe ya alfabeti iijuayo. Lakini matapeli hutia alama za ovyo katika anwani. Na tangu mwaka 2012 kanuni huruhusu hata herufi za Kichina na Kiarabu. Basi daftari la maneno laweza kukataa kuandika anwani, au kuzichanganya mbili kuwa moja.

Dawa yake ni hii: anwani haiwekwi kama neno, bali kama mfululizo wa namba, baiti kwa baiti. Kwa kompyuta A ni 65, na a ni 97, hazichanganyiki. Daftari halisahihishi kitu, hutunza kile kilichopokelewa.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Kijana na achague anwani fupi, yenye herufi ndogo tupu. Akijaziwa fomu dukani, asome anwani herufi moja moja, na mwandishi amrudishie kwa kusoma. Sifuri isigeuke kuwa O, wala moja kuwa l. Jibu likichelewa, atazame pia mahali pa barua taka, maana chujio nalo hukosea. Wala mzazi asimlaumu mtoto kabla anwani haijatazamwa.